Rekoda inapoteza pakiti kwenye mtandao wa majaribio ya ndege, ilhali mzigo ni mdogo

kipimo_angani
Wakuu, naomba msaada. Kuna vitengo 8 vya kukusanya data ndani ya ndege, kila kimoja chaneli 32 za sensa za mtetemo, biti 16, sampuli 8,192 kwa sekunde. Vyote vinaingia swichi moja yenye poti za megabiti (Mb) 100 kwa sekunde, na rekoda iko hapo hapo. Kila kitengo kinatoa kama Mb 4.2 kwa sekunde, jumla Mb 34. Mbona namba za mfuatano wa pakiti zinaruka? Tena baada ya dakika nne na ushee data zote zinakatika mpaka rekoda iwashwe upya. Vitengo vinatuma kila milisekunde 125, kwa multikasti (pakiti moja kwa kundi zima la wanaosikiliza).

bafa_imejaa
Mkuu, usiangalie wastani, angalia mlipuko. Kwa milisekunde 125 kila kitengo kimekusanya baiti 65,536, yaani pakiti 64 za baiti 1,024. Kwa kuwa saa zao zimelinganishwa, vyote 8 vinamwaga kwa mpigo mmoja. Mb 800 zinagombea mlango wa Mb 100, kwa hiyo swichi inapaswa kushikilia kama KB 450 kwenye bafa (kumbukumbu ya muda ya foleni) ya poti ile moja. Swichi nyingi ndogo hazina nafasi hiyo, na zikijaa zinatupa pakiti kimya kimya. Soma kihesabu cha pakiti zilizotupwa kwenye poti ya rekoda, utaziona.

Dawa: rekoda ipewe poti ya Gb 1, foleni inaisha yenyewe. Ikishindikana, panga kila kitengo kitume pakiti moja moja inapojaa, takriban kila milisekunde 2. Ila usiguse muda wa kuchukua sampuli. Huo lazima ubaki wa pamoja.

saa_kuu
Hilo la dakika nne ni IGMP, itifaki ya vifaa kujiandikisha kwenye vikundi vya multikasti. Swichi inafuatilia vikundi lakini hakuna kifaa kinachouliza nani bado anasikiliza. Rekoda ilijiandikisha ilipowaka. Zikipita sekunde 260 (125 mara mbili, jumlisha 10) swichi inaifuta. Andika njia za multikasti kwa mkono ndani ya swichi. Kwenye ndege ndiyo bora, maana umeme ukiyumba zinarudi papo hapo.

kipimo_angani
Nikizima tu ufuatiliaji wa IGMP?

saa_kuu
Data zitarudi, lakini Mb 34 zitamwagika kwenye kila poti, hata kwa vitengo vyenyewe. Ujumbe wa PTP (itifaki ya kulinganisha saa za vitengo, IEEE 1588) ukikwama nyuma ya pakiti moja ya baiti 1,100, umechelewa mikrosekunde 88. Kwa mtetemo wa Hz 50 hiyo ni kama digrii 1.6 za fezi (tofauti ya hatua ya mawimbi) kati ya sensa za ncha mbili za bawa, na kwenye jaribio la flata (mtetemo wa bawa unaojikuza wenyewe kwa nguvu ya hewa) fezi ndiyo unayoitafuta. Chukua swichi inayopima muda ujumbe uliokaa ndani yake na kuusahihisha, kwa IEEE 1588 ya 2008. Hakikisha pia hakuna kitengo cha toleo la 2002, matoleo hayo hayasikilizani.