Siku 4 kutoka Delhi kwa ajili ya ngome: Jaipur, Jodhpur au Udaipur?

pembe_ya_ramani
Wakuu, naomba ulinganisho. Watu wawili, tunaanzia Delhi na kurudi Delhi, siku 4 kamili, mwezi Novemba. Tunachotafuta ni ngome na makasri, maduka hayatuhusu. Jaipur, Jodhpur, au Udaipur? Au mbili kwa mpigo? Mmoja wetu ana goti bovu, ngazi nyingi hawezi.

Ratiba_Kwanza
Kabla ya uzuri angalia umbali. Delhi hadi Jaipur ni kilomita 270 hivi, treni saa 4 na nusu hadi 5. Jodhpur ni treni ya usiku, kama saa 11. Udaipur ni kilomita 650 na ushee. Bila ndege, siku 2 kati ya 4 zitaishia njiani. Kwa hiyo Jaipur peke yake.

Anayetua Mumbai, kama ilivyo kwa ndege nyingi za kutoka kwetu, ana hesabu tofauti. Udaipur ndiyo ya karibu, kwa hiyo aanzie huko, apande Jodhpur kwa gari kupitia hekalu la Wajaini la Ranakpur lenye nguzo 1,444 (wageni huruhusiwa kuanzia adhuhuri, msifike asubuhi mkakaa nje), amalizie Jaipur. Hapo tenga siku 8.

BintiShangani
Jaipur, ndiyo, na si kwa ukaribu tu. Ngome zake 3 zimekaa juu ya safu moja ya milima ya Aravalli na kila moja ina kazi yake. Amber (wenyewe husema Amer) ni kasri la kuishi: Raja Man Singh alianza kulijenga 1592, wafalme wakakaa humo hadi Sawai Jai Singh II alipouhamishia mji bondeni mwaka 1727. Jaigarh, juu yake, ni ya vita: matangi ya maji, karakana ya kuundia mizinga, na mzinga wenyewe Jaivana wa 1720, tani 50 juu ya magurudumu. Nahargarh, 1734, ndiyo inayoutazama mji.

Amber fikeni saa 2 asubuhi inapofunguliwa. Baada ya saa 4 mabasi ya watalii yanamwaga watu na ukumbi wa vioo, Sheesh Mahal, unautazama kwa kuchungulia mabegani mwa wenzako. Mwenye goti apande jipu kutoka chini hadi uani, zinakodishwa hapo hapo. Tembo waacheni. Kupandisha watu kwenye mteremko wa mawe kunawaumiza, na jipu inafika haraka zaidi.

Kuna njia ya chini kwa chini kutoka Amber kwenda Jaigarh, ikifuatiwa na kipande cha kupanda kwenye jua. Mwenye goti azunguke kwa gari. Hapa ndipo wengi hukosea: dereva anaachwa kwenye maegesho ya Amber, watu wanapanda Jaigarh kwa miguu, kisha wanalazimika kuteremka kote kumfuata. Mwambieni mapema akawasubiri juu.

mzee_wa_behewa
Mimi napinga. Ngome moja ya Jodhpur inazishinda zote 3 za Jaipur. Mehrangarh, iliyoanzishwa na Rao Jodha mwaka 1459, imekaa kwenye mwamba, mita 120 hivi juu ya mji, na ukuta umeota kutoka kwenye jiwe lenyewe, huoni mwamba unapoishia. Makumbusho yake ndiyo yaliyopangwa vizuri kuliko yote katika jimbo hili la Rajasthan: machela za tembo, silaha, michoro midogo, na maelezo ya kusikiliza masikioni yanayotosha kabisa bila kuajiri mtu. Goti lisikusumbue, kuna lifti. Na lango la Jai Pol lilijengwa 1806 kusherehekea ushindi dhidi ya majeshi ya Jaipur, ukitaka hoja ya ziada 😀

BintiShangani
@mzee_wa_behewa hiyo hoja ya lango nakupa. Ila Mehrangarh inakwisha kwa nusu siku, ukiongeza Jaswant Thada, jengo la marumaru la kumbukumbu ya mfalme, jirani yake. Saa 22 za treni kwa nusu siku?

mzee_wa_behewa
Treni ya usiku unalala, si hasara. Haya, kwa siku 4 nakubali. Kwa siku 6 sikubali.

Ila yeyote atakayepanda treni asome hapa. Delhi ina stesheni kubwa kadhaa, New Delhi na Old Delhi ni mbili tofauti, angalia jina kwenye tiketi kabla ya kuita gari. Tiketi yenye herufi WL ni orodha ya kusubiri, si kiti. RAC unapanda, lakini siti moja mnaketi wawili. Na hili linawapata sana Waswahili: treni ya 00:20 tarehe 15 inaondoka usiku ule mnaouanza tarehe 14. Ukihesabu kwa saa zetu, utafika stesheni siku nzima baadaye. Novemba Diwali ikiangukia humo, nafasi huisha wiki nyingi mapema.

pembe_ya_ramani
Basi ni Jaipur. Tiketi je? Nasikia kuna ya pamoja.

Ratiba_Kwanza
Ipo, ya siku 2 mfululizo. Inaingiza Amber, Nahargarh, kasri la Hawa Mahal, Jantar Mantar (vifaa vikubwa vya mawe vya kupimia jua na nyota) na jumba la makumbusho la Albert Hall. Jaigarh na City Palace hazimo, hizo ni za familia ya kifalme na zina tiketi zao. Usiikate jioni, utakuwa umechoma siku moja bure.

Hawa Mahal (1799) ina madirisha 953 na uso wake unatazama mashariki, picha ni asubuhi tu. Mlango wa kuingilia uko nyuma. Ndani unapanda kwa miteremko zaidi ya ngazi, afadhali kwa goti.

Bajaji (jina tumelitoa kwao, basi tuwalipe kwa heshima) patana kabla ya kupanda na useme wazi: hakuna duka. Dereva anayekubali bei ya kutupa analipwa kamisheni kwenye maduka ya mazulia na vito. Na mtu akikushawishi ubebe vito ukaviuze kwenu kwa faida, ondoka. Ni vioo.

hesabu_za_nyota
Msiipite Jantar Mantar kama bustani ya mawe. Saa ya jua ya Samrat Yantra ina kimo cha mita 27, kivuli chake kinasogea kama milimita 1 kila sekunde, unakiona kwa macho. Mtadhani imekosea: inasoma saa ya Jaipur yenyewe, si ya India nzima, hivyo iko nyuma ya simu yako kwa dakika 10 hadi 41 kutegemea msimu. Novemba mwanzoni tofauti ndiyo ndogo kabisa. Siku ya mawingu hamtaona kitu.

mzee_wa_behewa
Jambo la kadi: anayetoka Kenya, Uganda au Kongo awe na cheti cha homa ya manjano, chanjo iwe imetimiza siku 10. Bila hicho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na safari ni ya siku 4.

pembe_ya_ramani
Shukrani. Naweka hivi: siku ya 1 treni ya asubuhi, jioni Nahargarh. Siku ya 2 Amber na Jaigarh. Ya 3 mjini. Ya 4 kurudi.

BintiShangani
Nahargarh iondoe siku ya 1, itakuchomea tiketi ya pamoja. Jioni hiyo mtazame Jal Mahal, kasri lililo ndani ya ziwa, kutoka kando, haiingiliki hata hivyo. Nahargarh iunganishe na Jaigarh siku ya 2, ni barabara ile ile ya mlimani, na mtafika jua linapozama. Dereva asiondoke: usiku juu kule hakuna bajaji ya kurudia, na barabara ni giza.