Naomba ushauri: siku moja Old Delhi nikiwa na mama

Wakuu, habari zenu. Nipo Delhi na mama, tulikuja kwa matibabu ya macho na yamekwenda salama, alhamdulillah. Tumebakiwa na Jumamosi tu kabla ya kurudi Dar.

Mama ana hamu ya kuiona Lal Qila, ngome ya mawe mekundu ya mfalme Shah Jahan iliyokamilika 1648, kisha aswali adhuhuri Jama Masjid. Mimi nimeagizwa lesi za dhahabu za nguo ya harusi ya mdogo wangu, na zipo Kinari Bazaar. Jana nilipita mbio. Kichochoro chembamba, lesi zinaning'inia mpaka zinagusa kichwa. Muuzaji alinitajia rupia 900 kwa mita. Nilipogeuka kuondoka akashuka hadi 500. Bei halali ni ipi hasa?

Iliki nazitaka kutoka Khari Baoli, soko la viungo, ila vumbi la pilipili kule lilinikohoza sana, naogopa macho ya mama.

Mliowahi kwenda, tuanze ngome au soko? Mchana magari hayaruhusiwi Chandni Chowk, barabara kuu ya huko sokoni, je, riksho za baiskeli zinamfaa mzee wa miaka 68? Na wapi naweza kumwacha apumzike kwa usalama nikinunua?