Mwizi yuleyule nimemkamata mara ya tatu, na kituoni bado naambiwa "yamalizeni"

Assalaamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Nina duka la kanga na madira Mchangani, na tangu juzi sipati usingizi kwa hasira. Baada ya alasiri nilimkamata, kwa mara ya tatu, mwanamke yuleyule akitoka na doti nne za kanga ndani ya baibui. Mtindo wake haubadiliki: huja na mwenzake, mwenzake hutaka kitambaa cha rafu ya juu kabisa, na mimi nikishapanda kigoda na kuwapa mgongo, yeye huvuta doti zilizopangwa mezani na kuzibana kiunoni kwa mkanda wa mpira. Safari hii binti yangu aliona pindo la kanga likichungulia chini ya baibui.

Mara ya kwanza askari wa zamu alinipokea vizuri, akaandika maelezo yangu, akanipa namba ya taarifa, kisha akazichukua kanga zangu ziwe vielelezo. Mtuhumiwa alitoka kwa dhamana kabla ya magharibi, ilhali kanga zangu zilikaa kituoni miezi mitano, na mwisho nikaambiwa kwamba jalada halionekani. Mara ya pili hatukufika hata kwenye maelezo. "Mama, mtu mwenyewe yuko tayari kulipa, yamalizeni." Nikalipwa, nikatia saini, nikarudi dukani. Juzi askari mwingine akaniuliza nina ushahidi gani kwamba mtu huyu amewahi kuiba, nami nikamwomba afungue daftari lao wenyewe. Hakulifungua.

Hapa ndipo penye kosa kubwa. Hakimu anapopima adhabu huangalia kama mshitakiwa amewahi kutiwa hatiani, si kama amewahi kukamatwa. Kwa hiyo mtu anayesuluhishwa kaunta kila mara, hata akiwa amewaibia wenye maduka wa mtaa mzima, mbele ya mahakama atahesabiwa kuwa ndiyo kwanza amekosa. Isitoshe, hapa Zanzibar uamuzi wa kushitaki au kutoshitaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka. Askari anayelifunga shauri kaunta ameuchukua uamuzi usio wake.

Simtakii kila mtu Chuo cha Mafunzo, yaani jela. Mtoto aliyechukua mkate kwa njaa nimewahi kumsamehe, na nitamsamehe tena. Lakini huyu ameufanya wizi kuwa kazi, na kumi la mwisho la Ramadhani, watu wanaposongamana kununua nguo za sikukuu, ndio msimu wake.

Na wanaosema tusuluhishane hawakuwapo juzi, vijana wa jirani walipokuja na fimbo kwa sababu wamekwisha kata tamaa na kituo. Nilimwingiza yule mwanamke ndani, nikateremsha mlango wa chuma, nikasimama mbele yake mpaka askari walipofika. Nilimlinda mtu aliyeniibia, kisha wao wakamwachia kabla sijafika nyumbani.

Ninachotaka ni vielelezo vipigwe picha na mali irudishwe kwa mwenyewe, na anayekamatwa mara ya pili jalada lake lipelekwe kwa waendesha mashtaka bila ya kuniuliza kama nimeridhika. Jumatatu saa tatu asubuhi nakwenda kuonana na mkuu wa kituo. Mwenye duka Mchangani, Mlandege au Darajani aliyeibiwa kwa mtindo huu, na bado anayo namba yake ya taarifa, naomba aje nayo tuingie pamoja.