Mgeni wa kujitolea kufundisha afya shuleni: tumwandalie nini?

Mwalimu, Uvinza: Ndugu zangu, shule yetu ya msingi, iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, inatarajia kumpokea kijana kutoka Uingereza atakayejitolea kufundisha elimu ya afya kwa wiki 6. Kiswahili chake bado ni kichanga, na mada tunayoihitaji zaidi ni kichocho. Tumwandalie nini?

Muuguzi mstaafu, Ujiji: Mwalimu, kwanza hakikisheni ana kibali cha ukaazi daraja C na kwamba halmashauri ina taarifa zake. Kuhusu kichocho, naomba asiishie kuwakataza watoto kuingia ziwani, kwa maana huko ndiko wanakoteka maji, wanakofua na kuoga. Awaeleze mzunguko wenyewe: mayai ya minyoo ya kichocho hutoka na haja ya mgonjwa na kuingia majini, vimelea hukua ndani ya konokono, kisha huogelea na kupenya ngozi. Mtoto akielewa hivyo ataona kwa nini choo ni kinga ya kijiji kizima, na kwa nini dawa ya prazikwanteli humtibu lakini haimzuii kuambukizwa tena.

Mzazi, Kasulu: Shikamoo mama muuguzi, nakubaliana nawe. Mgeni asifundishe peke yake. Mwalimu wa darasa asimame naye akitafsiri, kwa sababu wiki 6 zikiisha ni yeye atakayebaki. Kwetu alipita mgeni mwenye moyo mwema sana, lakini vitabu alivyotuachia vya Kiingereza vimelala kabatini hadi leo, na hilo linaniuma.

Mwalimu, Uvinza: Asanteni sana. Mwenzangu wa sayansi ataanza kuchora mzunguko huo wiki hii, kwa maelezo ya Kiswahili.