Chatu amegoma kula tangu kusi ianze, nifanyeje?

Mnewala76
Wakuu, habari za jioni. Chatu wa mita 2.4, yupo Newala, kibali kipo. Alimla sungura mwisho wa Mei, tangu hapo wiki 7 hagusi kitu. Juzi amewekewa sungura hai usiku kucha. Kulipokucha sungura anatafuna majani, nyoka kajikunja pembeni. Balbu ya wati 60 inawaka mchana, usiku inazimwa. Usiku wenyewe halali, anazunguka banda akisukuma wavu kwa pua. Nashauriwa nimlishe kwa nguvu. Mnasemaje?

GambaKavu
Usithubutu kumlisha kwa nguvu. Jibu kwanza: uzito wa Mei na wa leo? Joto la bandani alfajiri? Macho yana ukungu wa kutaka kujivua gamba? Na huyo sungura hai asirudi humo usiku, ana meno na kucha. Chatu aliyepoa hajitetei.

Mnewala76
Mei kilo 7.2, leo 6.9. Alfajiri kipimajoto kinasoma 17. Macho maangavu.

GambaKavu
Basi uzito si tatizo. Amepungua gramu 300, kama asilimia 4. Mpime kila wiki, siku ileile. Akikaribia kilo 6.5 (asilimia 10) ndipo umtafute daktari wa mifugo. Tatizo ni hiyo 17. Nyoka hana joto lake mwenyewe, tumbo linasaga chakula kwa joto la nje. Ukimshindilia nyama kisha usiku ukashuka hivyo, inaozea tumboni, anatapika, na hapo unamsubiri wiki 2 kabla ya kumjaribu tena. Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula. Mwenye shibe na baridi kwa pamoja ndiye anayekufa.

Msangamkuu
Naongezea: kama ni dume, Juni hadi Septemba ndiyo majira yao ya kutafuta jike. Anazunguka usiku, hana habari na chakula. Angalia vikucha viwili pembeni ya tundu la haja. Vya dume kwa kawaida ni vikubwa zaidi, ingawa kwa macho tu huwezi kuapa. Kama ni jike na alikuwa na dume, mayai hutegemewa kuanzia Oktoba, na akiyalalia hali mpaka yaanguliwe.

Hiyo pua ishughulikie leo. Funika wavu kwa ndani kwa kitambaa kizito, sentimita 50 kutoka chini. Pua ikichubuka, kidonda huingia mdomoni.

GambaKavu
Joto sasa. Upande mmoja wa banda nyuzi 30 hadi 32, mwingine 25 hivi, usiku pasishuke chini ya 22. Tumia balbu ya kauri isiyotoa mwanga pamoja na themostati (kidhibiti joto), na balbu izungushie wavu, maana chatu huikumbatia balbu mpaka aungue. Kihisio cha themostati kifunge anapolala nyoka, si darini. Umeme ukikatika, chupa za maji moto zilizofungwa taulo zinatosha hadi asubuhi. Jiko la mkaa hapana kabisa, gesi yake inaua.

Kitangari_Juu
Mmesahau salfa jamani! Huu ni msimu wa kupulizia mikorosho. Banda likielekea shamba, vumbi lile linaingia moja kwa moja na kuwasha njia ya hewa. Siku ya kupuliza shusha turubai upande unakotoka upepo, kisha mwaga maji ya kunywa uweke mengine. Akianza kupumua mdomo wazi, kutoa povu au kuinua kichwa juu muda mrefu, hilo si suala la msimu tena, ni mapafu. Daktari siku hiyohiyo.

Mnewala76
Shukrani wakuu. Joto likikaa sawa, nimjaribu lini?

GambaKavu
Lishike siku 10 bila kuyumba. Kisha jioni mpe kuku mdogo aliyechinjwa, gramu 400 hadi 500, amepashwa kwa maji ya uvuguvugu na kufutwa, umshike kwa koleo refu na mtu wa pili awe karibu. Asipomchukua kwa nusu saa mtoe, jaribu tena baada ya wiki 2. Akimeza, asishikwe siku 5. Asipokula hadi Oktoba na uzito umesimama, muache. Joto la kabla ya mvua huwa linawaamsha wengi.