Mrejesho: watoto wangu kwenye harusi ya mdogo wangu

Niliuliza kama mtoto wa miaka 3 na wa 5 wanaweza kubeba maua na pete. Wameweza, asanteni. Pete halisi zilikaa kwa msimamizi; kwenye kimto tulishona za bandia, kwani mtoto akitimua mbio pete huvingirika hadi chini ya viti. Viatu vipya wavivae nyumbani kwanza, na soli zikwaruzwe kwa msasa, la sivyo huteleza kwenye vigae. Gauni liishie juu ya kifundo cha mguu. Mzazi akae mbele wanakoelekea, wamwone. Wakifika tu, wakalishwe: kusimama ibada nzima ndiko kunakoleta vilio. Na juisi ya rangi isubiri picha ziishe!