Mjadala: Rekodi ya mgonjwa wa Faza ikae kwenye ghala la Nairobi au ibaki kisiwani?

Mwendesha mjadala (Lamu)

Hoja ni hii. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeunda Wakala wa Afya ya Kidijitali na kuagiza mfumo mmoja jumuishi wa taarifa za afya kwa nchi nzima. Kinachogombaniwa ni umbo la mfumo huo. Wapo wanaotaka nakala kamili ya rekodi ya kila mgonjwa iingie kwenye ghala moja la taifa. Wapo wanaotaka rekodi ibaki pale mtu alipotibiwa, na makao makuu yashike orodha tu ya nani ana faili wapi. Chukueni mgonjwa anayetoka Faza, kisiwani Pate, kwa boti, akapitia hospitali ya kaunti hapa Lamu, kisha akapewa rufaa ya Malindi. Hapo kuna bahari, barabara na kaunti mbili, maana Malindi iko Kilifi. Daktari wa Malindi aone nini, na akipate wapi? Kila mtu aje na hesabu zake.

Mpanga mifumo (Malindi)

Ghala moja, bila kuzunguka. Rekodi zikibaki vituoni, siku seva ya kituo imezimika mgonjwa hana historia. Fanyeni hesabu: tuseme mtu ametibiwa vituo vinne, na kila kimoja kinapatikana mtandaoni saa 90 kati ya 100. Uwezekano wa vyote vinne kujibu kwa wakati mmoja ni 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani kama 66 kwa mia. Mara moja katika kila tatu daktari atapata historia yenye pengo. Vituo vya visiwani ndivyo vinavyozimika zaidi, na wagonjwa wake ndio wanaosafirishwa mbali zaidi.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Ziara ya mgonjwa ikifungwa, programu ya kituo inafunga kifurushi cha FHIR, kiwango cha kimataifa cha kubadilishana taarifa za afya: mgonjwa, ziara, utambuzi wa ugonjwa, vipimo, dawa alizoandikiwa. Kifurushi kinakwenda kwenye safu ya kati (OpenHIM ni mfano, na ni programu huria) inayokagua cheti cha kituo na namba yake kwenye orodha kuu ya vituo, inaandika kwenye daftari la ukaguzi nani alituma nini na saa ngapi, kisha inapeleka ghalani. Mifumo 20 ikiunganishwa mmoja kwa mmoja inahitaji viungo 190. Ikipitia safu ya kati ni viungo 20, na mfumo mmoja ukibadilishwa unatengeneza kiungo kimoja tu.

Na tusichanganye haya na DHIS2, programu ya takwimu za afya ambayo Kenya inaitumia nchi nzima tangu 2011. Ile inakusanya jumla. Fomu ya MOH 705 inasema kesi ngapi za malaria mwezi huu, haisemi nani. Kila mara naona viongozi wakisema "tayari tuna mfumo" huku wakionyesha chati za jumla.

Afisa wa kumbukumbu za afya (Lamu)

Ndugu yangu wa Malindi, viungo vyako 20 navikubali. Umeruka hatua ya kwanza. Ghala litajuaje kwamba huyu ni yule?

Njia inayotegemewa tangu Fellegi na Sunter walipoiandika mwaka 1969 ni kupima uzito. Kila kitu kinachofanana baina ya rekodi mbili kinaongeza alama, na alama hutokana na uchache wa kile kitu. Jina walilonalo mtu mmoja kati ya 2,000 likifanana linakupa kama alama 11. Jina walilonalo mmoja kati ya 20 linakupa alama 4 na kitu. Sasa fikirini Mohamed, Ali, Omar, Fatma katika Lamu. Programu iliyopimiwa uzito kwa majina ya nchi nzima italipatia jina "Mohamed Ali Omar" alama nyingi kuliko linavyostahili huku kwetu, na itaunganisha watu wawili au watatu wa mtaa mmoja. Tarehe ya kuzaliwa nayo, siku na mwezi vikiwa vya kweli vina alama zaidi ya 8. Lakini mtu asiyejua siku yake huandikiwa Januari 1, na Januari 1 zikijaa kwenye sajili, alama hizo zinakuwa karibu na bure.

Kisha matamshi. Programu nyingi zinakuja na Soundex, kanuni ya kugeuza matamshi ya jina kuwa msimbo, iliyotengenezwa kwa majina ya Kiingereza. Inahifadhi herufi ya kwanza kama ilivyo, kwa hiyo Khadija ni K320 na Hadija ni H320, watu wawili. Omar na Umar, watu wawili. Lakini Salim na Salma wote ni S450! Yeyote atakayeweka sajili ya wagonjwa pwani bila kanuni za majina ya Kiswahili na Kiarabu ametuwekea mtego.

Makosa mawili hayana uzito sawa. Mtu mmoja akigawanywa kuwa wawili, daktari anakosa sehemu ya historia. Watu wawili wakiunganishwa kuwa mmoja, mwenye mzio wa penisilini anaweza kuonekana hana, na kundi la damu likawa la mwenzake. Kwa hiyo kizingiti cha programu kuunganisha yenyewe kiwe juu sana, zile alama za katikati ziende kwa karani azikague kwa macho, na rekodi zifungamanishwe tu, zisimwagwe pamoja. FHIR inayo nafasi ya kiungo ndani ya rekodi ya mgonjwa kwa kazi hiyo hiyo. Kiungo kikiwa kibaya unakikata. Ukishazimwaga pamoja, hakuna atakayejua kipimo kipi kilikuwa cha nani.

Msiniambie namba ya kitambulisho itamaliza yote haya. Aliye chini ya miaka 18 hana kitambulisho. Mtoto mchanga huandikwa "mtoto wa Fatma" mpaka apewe jina. Wapo watu wazima wa Lamu, wa Kiunga hasa kule mpakani, ambao kitambulisho chao hakijatoka. Namba itumike ikiwepo, ila isiwe mlango wa pekee. Jina la mama, kijiji na namba ya simu viingie, huku tukikumbuka kwamba simu moja hutumiwa na nyumba nzima.

Daktari wa wodi (Malindi)

Usiku wa rufaa sina haja ya kurasa 60. Nataka mizio, dawa anazotumia sasa, na magonjwa aliyonayo. Ndiyo sehemu tatu zinazolazimishwa na kiwango cha Muhtasari wa Kimataifa wa Mgonjwa, ISO 27269, kilichotoka 2021. Niongezeeni ujauzito na vipimo vya mwisho, inanitosha.

Ila sharti moja, na hapa watengeneza programu hukosea sana. Sehemu ya mizio ikiwa tupu ina maana gani? Aliulizwa akasema hana, au hakuulizwa? Kwangu ni mambo mawili tofauti kabisa, na FHIR inaruhusu yote mawili yaandikwe. Fomu isikubali kufungwa mpaka moja lichaguliwe.

Vipimo vivyo hivyo. Sukari 7 na sukari 126 ni kiasi kile kile, moja ni milimoli kwa lita na nyingine ni miligramu kwa desilita. Hemoglobini gramu 8.5 kwa desilita ni gramu 85 kwa lita. Namba bila kizio irudishwe mlangoni na safu ya kati, isiingie. Kila kipimo kije na msimbo wake wa LOINC, orodha ya kimataifa ya vipimo, maana maabara moja huandika "Hb", nyingine "HGB", nyingine "damu".

Mwanasheria (Lamu)

Waheshimiwa, mnaongea kana kwamba anayeomba kuona rekodi siku zote ni daktari.

Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, na inamtaka anayeshika data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 data ikivuja. Hata hivyo kifungu cha 51 cha sheria hiyo hiyo kinasamehe uchakataji unaohitajika kwa usalama wa taifa. Mkazi wa Lamu aliyeishi na operesheni za usalama anakisoma kifungu hicho tofauti na mkazi wa kwingineko. Rekodi ikiwa Faza, anayeitaka lazima afike Faza, aonekane, aulizwe hati ya mahakama. Rekodi za kila mtu zikiwa ghala moja, swali moja linatosha, na aliyeulizwa si mtu wa hapa. Majeruhi akiogopa kwamba hospitali na kituo cha polisi ni kitu kimoja, hatakuja hospitali.

Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma Namba kwa sababu tathmini ya athari kwa data haikufanywa kwanza. Tathmini hiyo ifanywe kabla ya kifurushi cha kwanza kutumwa. Singapore, nchi yenye uwezo kuliko sisi, mwaka 2018 iliibiwa taarifa za wagonjwa milioni 1.5 kutoka hifadhidata ya kundi moja la hospitali. Ghala likiwa moja, hasara yake ni ya wote.

Pendekezo langu: taarifa za Ukimwi, afya ya akili na ukatili wa kijinsia ziwekewe lebo ya siri na zisitoke kituoni bila ridhaa ya mwenyewe.

Mfamasia (Malindi)

Bi Mwanasheria, nakuunga mkono kwenye nia. Utekelezaji wake una shimo pande zote mbili.

Kwanza, ukificha utambuzi wa ugonjwa ukaacha orodha ya dawa, hujaficha kitu. Anayeona tenofovir, lamivudine na dolutegravir kwenye kidonge kimoja ameshajua ni dawa za virusi vya Ukimwi. Kwa hiyo lebo lazima ishuke hadi kwenye dawa, vipimo vya wingi wa virusi, na jina la kliniki iliyomwona.

Pili, ukiificha dolutegravir unaweza kumdhuru mgonjwa. Akigundulika na kifua kikuu Malindi na kuanzishwa rifampicin, dolutegravir ya miligramu 50 mara moja kwa siku haitoshi. Huwa mara mbili, kila baada ya saa 12. Akiwa na kisukari na anameza metformin, kiwango cha metformin kisipite miligramu 1,000 kwa siku. Asiyeona dawa hiyo hatarekebisha chochote. Na mkisema mfumo utoe onyo tu bila kutaja dawa, onyo la "ongeza dozi ukimpa rifampicin" linataja ugonjwa kwa sauti kubwa kuliko jina lake.

Sioni njia isiyo na gharama. Ninayoiona ni ridhaa ya mgonjwa ichukuliwe mapema, kwa maneno anayoyaelewa, akielezwa na hatari ya kuficha. Kisha pawe na ufunguzi wa dharura: mtaalamu anaandika sababu, anaona, na mgonjwa anapata ujumbe kwamba rekodi imefunguliwa. Ufunguzi huo ukaguliwe na mtu wa nje ya kituo ndani ya siku chache. Katika mji ambao karani ni binamu wa jirani, ukaguzi huu una maana kuliko nywila ndefu.

Fundi wa mitambo (Lamu)

Niwape upande wa umeme. Kompyuta ndogo ya wati 15 na kisambaza mtandao cha wati 10, saa 24, ni wati-saa 600 kwa siku. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ina 2,400. Ikiwa ni ya madini ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una siku mbili bila jua. Paneli ya wati 300 kwa saa tano za jua kali inakupa 1,500 kabla ya upotevu. Inatosha, mradi hakuna anayechomeka friji au pasi kwenye laini hiyo, na viungo vya waya vipakwe grisi. Chumvi ya bahari hula viungo kabla haijagusa kompyuta.

Mtandao: kifurushi cha ziara moja hakizidi makumi machache ya kilobaiti. Wagonjwa 60 kwa siku, kilobaiti 30 kila mmoja, ni megabaiti 1.8. Hata mtandao hafifu unaweza. Picha ya eksirei ya megabaiti 10 na zaidi haiwezi. Ipelekwe ripoti yake tu, picha ibaki.

Kinachoharibika ni foleni. Mtandao ukikatika katikati ya kutuma, kituo hakijui kama kifurushi kilifika, kinatuma tena, na mgonjwa anaonekana amepewa dawa mara mbili. Suluhisho lake ni kila ziara kupewa namba ya kipekee kituoni kabla ya kutumwa, na ghala likatae namba iliyokwisha ingia. Halafu saa. Kompyuta isiyo na betri ya saa hurudi kwenye tarehe ya zamani umeme ukikatika, na vipimo vya leo vinajipanga chini ya vya mwaka juzi. Betri yenyewe ni ndogo kama kifungo. Na fomu iseme wazi asubuhi au usiku, maana "saa 2" ya muuguzi si saa 2 ya kompyuta.

Mpanga mifumo (Malindi)

Basi niseme upya. Ghala lishike muhtasari ule wa daktari peke yake, ukifika kwa foleni ya fundi. Kurasa zilizobaki zikae kituoni, ziombwe zikihitajika. Swali moja la Nairobi halitampata mtu mzima mzima.

Mwanasheria (Lamu)

Muhtasari wenye dawa bado ni rekodi. Nitaukubali ukiwa na daftari la ukaguzi ambalo mgonjwa anaweza kulisoma mwenyewe kwa simu, kama Estonia wanavyoona nani amefungua rekodi zao. Bila hilo, siukubali.

Afisa wa kumbukumbu za afya (Lamu)

Na asiye na simu alisome dirishani kwangu, lichapwe. Lakini bado sijajibiwa. Muhtasari wa watu wawili waliounganishwa kimakosa ukishafika Malindi na kunakiliwa huko, nani anakata kile kiungo? Lamu haina mamlaka juu ya seva ya Kilifi. Nataka iandikwe kwenye kanuni: ombi la kutenganisha likitoka kituo chochote, muhtasari ufungwe kwa alama ya onyo saa ile ile, vituo vyote vilivyouchukua vipate taarifa ya kuufuta, na awepo afisa mwenye cheo na mshahara wa kazi hiyo katika kila kaunti. Hadi sasa katika mipango mingi niliyoisoma kuna bajeti ya seva, na meza hiyo haina mtu.